Bomba la majitaka halina mita: basi yanapimwaje?

Ukiwa umeunganishwa na mtandao wa majitaka Dar es Salaam au Nairobi, bili yako ina sehemu mbili: maji safi na majitaka. Mita ya maji safi ipo ukutani na namba zake unazisoma mwenyewe. Ya majitaka huioni popote. Kila gharama zinapopanda, swali lilelile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa: nani alipima yaliyotoka chooni kwangu, na alitumia kifaa gani?

Jibu ni kwamba hakuna aliyeyapima. Yamekadiriwa. Wahandisi duniani kote huchukulia kuwa takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena kupitia choo, bafu na sinki. Yaliyobaki huishia kwenye chungu, mwilini, kwenye nguo zinazokauka kambani na kwenye bustani. Ukitumia uniti 10 kwa mwezi, yaani lita 10,000, mhandisi anahesabu kwamba umetoa lita 8,000 za majitaka. Bei inayowekwa juu ya hesabu hiyo ni suala la mamlaka za udhibiti na hutofautiana nchi kwa nchi, lakini msingi wake ni mita ya maji safi.

Kwa familia ya kawaida makadirio hayo hayaendi mbali na ukweli. Hoteli yenye kisima chake ni habari nyingine. Maji ya kisima hayapiti kwenye mita ya mamlaka, ila yakishatumika yanaingia kwenye bomba lilelile la majitaka. Kiwanda cha vinywaji nacho huingiza maji mengi ambayo yanaondoka kwenye chupa. Kwa wateja wa namna hiyo makadirio hayatoshi, ndiyo maana vifaa vya kupima vipo.

Kabla ya kuvitazama vifaa hivyo, tukubaliane maneno. Majitaka ni maji yote yaliyokwisha kutumika, ya chooni, jikoni, bafuni na viwandani. Mtandao ni mabomba ya chini ya ardhi yanayoyapeleka kwenye mabwawa au mitambo ya kusafishia, na chemba ni yale matundu yenye mifuniko yanayowawezesha mafundi kuyafikia mabomba hayo. Karo ni shimo la nyumbani la kuhifadhia majitaka kwa asiye na mtandao. Topekinyesi ni ule uji mzito unaotuama ndani ya karo na vyoo vya shimo. Majitaka na topekinyesi vinachanganywa sana katika mazungumzo, na tofauti yake ina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

Tuanze na wingi. Kupima maji yanayotiririka yakiwa na matambara, mchanga na mafuta ya kupikia si sawa na kupima maji ya bomba. Mita ya kawaida yenye gurudumu dogo ndani ingekwama siku ya kwanza. Njia iliyozoeleka ni kuyapitisha majitaka kwenye mfereji wa zege uliobanwa katikati kwa vipimo maalumu. Mfereji huo hujulikana kwa jina la Ralph Parshall, mhandisi wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1920 kwa ajili ya kugawa maji ya umwagiliaji kule Colorado. Maji yanapofika penye mbano huinuka, na kimo chake huendana na kiasi kinachopita kwa sekunde. Pima kimo, utajua wingi.

Zamani mtu alisimama na rula na daftari. Siku hizi juu ya mfereji kunafungwa kifaa kinachotoa mlio usiosikika kwa sikio la binadamu. Mlio unagonga uso wa maji na kurudi, na muda wa kwenda na kurudi unageuzwa kuwa kimo. Hakigusi uchafu hata kidogo. Lakini povu la sabuni likifunika maji, au buibui akitanda utando mbele yake, kinasoma uongo. Kwa mabomba yaliyojaa kuna mita za sumaku, zinazotumia kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: kimiminika kinachopitisha umeme kikipita kwenye uga wa sumaku huzalisha volti kidogo, na kikienda kasi volti inaongezeka. Ndani ya bomba hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna cha kukwamishwa na tambara.

Vipimo hivi ndivyo vinavyofichua kisa cha chemba zinazofurika masika. Watu wengi huamini kwamba mabomba ni madogo na hayakuzingatia ongezeko la watu. Mara nyingine ni kweli. Lakini mahali penye mita, grafu husimulia na jambo jingine: mvua ikianza, mtiririko unapaa ndani ya muda mfupi, na hakuna mji ambao wakazi wake wote huenda chooni kwa pamoja kwa sababu mvua imenyesha. Maji hayo yametoka mapaani na uani. Kuna watu wameelekeza mabomba ya mvua kwenye chemba, na kuna mifuniko iliyovunjika au kuibwa. Mabomba ya majitaka hayakujengwa kwa ajili ya mvua, na maji yakizidi hutokea penye chemba ya chini kuliko zote, ambayo kwa kawaida iko kwa jirani asiyehusika.

Sasa ubora, ambako ndiko kwenye kutoelewana kukubwa.

Katika kila lita 1,000 za majitaka ya mtandao, takriban 999 ni maji. Uchafu wote tunaouogopa uko kwenye hiyo lita moja iliyobaki, na sehemu yake kubwa imeyeyuka au ni ndogo mno kuonekana. Kwa sababu hiyo macho hayafai kuwa kipimo. Maji yanaweza kutoka bwawani yakiwa meupe yakabeba vijidudu kwa maelfu, na yanaweza kuwa ya kijani kibichi kwa mwani huku yakiwa salama kuliko yale meupe.

Kipimo maarufu kuliko vyote huitwa BOD, mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia. Hakipimi uchafu wenyewe. Kinapima oksijeni ambayo bakteria wanaitumia wanapoula uchafu huo. Ukitaka kujua jikoni kwenye shughuli pamepikwa kiasi gani bila kufunua sufuria hata moja, ulizia mkaa uliokwisha. Oksijeni hapa ndiyo mkaa. Sampuli hufungiwa kwenye chupa, ikawekwa gizani kwenye nyuzi 20 za sentigredi kwa siku tano, na oksijeni hupimwa mwanzoni na mwishoni. Tofauti yake ndiyo jibu.

Namba zinaonesha kwa nini jambo hili ni zito. Maji safi ya joto la kwetu hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na samaki wanaishi kwa hizo. Majitaka mabichi ya mtandao yana BOD ya miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Chukua yenye 240: lita moja ya majitaka hayo ina uwezo wa kumaliza oksijeni yote iliyomo kwenye lita 30 za maji safi. Mto ukinuka na samaki wakielea, mara nyingi hawakula sumu. Wamekosa pumzi.

Sheria zimejengwa juu ya kipimo hiki. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi BOD ya miligramu 30 kwa lita. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka 30 hiyohiyo. Desturi ya kuweka kikomo ina zaidi ya karne: mwaka 1912 tume ya kifalme ya Uingereza ilipendekeza miligramu 20 za BOD na 30 za chembechembe zinazoelea, na wahandisi wa nchi nyingi bado wanazitaja namba hizo.

Kasoro ya BOD ni zile siku tano. Majibu yanapotoka maabara, maji yaliyopimwa yameshapita Mto Msimbazi wa Dar es Salaam yakaingia baharini. Kwa hiyo maabara hutumia pia COD, mahitaji ya oksijeni ya kikemikali, ambamo kemikali kali huunguza karibu uchafu wote kwa takriban saa mbili kwenye joto la nyuzi 150. Ni haraka zaidi, ila huhesabu hata vile ambavyo bakteria wasingeweza kuvila.

Hapo ndipo vinapoingia vihisi, vifaa vinavyozamishwa majini na kutuma namba kila dakika chache kwenye simu au kompyuta. Kimoja hupima oksijeni kwa mwanga, kingine uchachu, kingine ukungu wa maji. Kuna kinachopitisha mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, ndani ya maji. Uchafu wa asili ya viumbe hufyonza mwanga huo, na kadiri unaofyonzwa unavyoongezeka ndivyo makadirio ya COD yanavyopanda. Kwenye mitambo inayopuliza hewa majini ili kuwalisha bakteria oksijeni, teknolojia iliyoanzia Manchester mwaka 1914 kwa kazi ya Edward Ardern na William Lockett, kihisi cha oksijeni ni hazina. Kupuliza hewa kunaweza kula nusu ya umeme wote wa mtambo au zaidi. Kihisi kikionesha bakteria wamepata ya kutosha, feni zinapunguzwa mwendo.

Imani iliyoenea ni kwamba kihisi kikishafungwa kazi imekwisha. Majitaka hayako hivyo. Ndani ya siku chache utelezi wa bakteria unajijenga juu ya kihisi, na kuanzia hapo kinapima utelezi wake chenyewe. Kinahitaji mtu wa kukifuta, wa kukilinganisha na sampuli ya maabara, wa kununua kipuri kikifa. Mradi unaonunua vifaa vya kisasa bila kumwajiri mtu huyo umenunua mapambo.

Na kuna namba ambazo vihisi vya kawaida havizitoi kabisa. Bakteria wa kinyesi, kama E. koli, bado huoteshwa kwenye sahani za maabara na kuhesabiwa siku ya pili. Virusi vinahitaji uchunguzi wa vinasaba, na uchunguzi huo umeipa mitandao ya majitaka kazi mpya: kuchungulia afya ya mji. Mwaka 2018 kirusi cha polio kilichotokana na chanjo kilipatikana kwenye sampuli ya majitaka ya Kamukunji, Nairobi, na kampeni ya chanjo ikafuata. London ilikuta kirusi cha aina hiyo kwenye majitaka yake mwaka 2022. Wapo waliosikia habari hizo wakadhani serikali inaweza kujua nani anaumwa kwa kupima choo chake. Haiwezekani hivyo. Sampuli moja ya mtandao ina mchango wa maelfu ya watu. Inasema ugonjwa upo katika eneo, haisemi uko kwa nani.

Swali jingine ninaloulizwa kila ninapoandika kuhusu mambo haya ni kama majitaka yanaweza kurudi kuwa maji ya kunywa. Yanaweza. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, wamekuwa wakiyanywa tangu mwaka 1968, na mtambo wao wa Goreangab uliozinduliwa upya mwaka 2002 una uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Siri yao imeanzia mbali na mtambo wenyewe: majitaka ya viwanda hutengwa na ya majumbani tangu mwanzo. Maji hupimwa katika kila hatua, na kipimo kikienda vibaya uzalishaji husimamishwa. Pasipo upimaji wa namna hiyo, mimi nisingeyanywa wala nisingemshauri mtu.

Turudi nyumbani, kwenye mabwawa. Dar es Salaam inayo Vingunguti na kwingineko, Nairobi ina yale makubwa ya Ruai yaliyojengwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Wapita njia huyaona kama madimbwi ya kinyesi yaliyotelekezwa. Yakitunzwa, yale ni mitambo kamili isiyotumia umeme. Bwawa la kwanza lina kina kirefu na halina hewa. Tope linatuama na kuozea humo. La pili lina mwani juu, unaotengeneza oksijeni kwa jua na kuwapa bakteria wa chini yake. Ya mwisho ni ya kina kifupi, na jua lenyewe linaua vijidudu. Kwa nchi zenye jua kama letu sidhani kama kuna mpango bora zaidi kwa bei hiyo, mradi ardhi ipo.

Ugonjwa wa mabwawa ni tope. Mwaka hadi mwaka linapanda kutoka chini, nafasi ya maji inapungua, na majitaka yaliyotakiwa kukaa siku kadhaa yanapita kwa saa chache. Juu bwawa linaonekana vilevile. Kulipima ni rahisi ajabu: chukua mti mrefu, uviringishie taulo jeupe, uzamishe wima hadi chini, uuvute. Tope linaacha alama kwenye taulo, maji hayaachi. Unasoma unene wake kwa futikamba. Australia watafiti wametumia boti ndogo ya rimoti yenye sonari, kifaa kinachopima kina kwa mwangwi, na GPS kuchora ramani ya tope la bwawa zima. Ni kazi nzuri, lakini taulo linafanya kazi leo, na bwawa la kwanza likifika theluthi moja ya tope ni wakati wa kulichimbua. Kwangu, swali la kumwuliza msimamizi wa bwawa lolote ni lini mara ya mwisho alipima tope. Hilo litakuambia mengi kuliko orodha ya vifaa alivyonavyo.

Yote niliyoeleza hadi hapa yanahusu majitaka yaliyofika kwenye bomba, na huo ndio upungufu mkubwa wa mazungumzo yetu kuhusu teknolojia hii. Dar es Salaam, kwa miaka mingi takwimu zimeonesha takriban mkazi mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeunganishwa na mtandao. Kampala ni hivyohivyo. Tisa waliobaki wanatumia karo na vyoo vya shimo, na huko hakuna mfereji wa Parshall wala kihisi. Ukifunga vifaa vya gharama kwenye mabwawa pekee, unapima kwa uangalifu mkubwa ile sehemu ndogo ya kinyesi cha mji ambayo tayari iko kwenye mikono salama.

Kinachotoka kwenye mashimo si majitaka ya kawaida. COD ya majitaka ya mtandao ni mamia, au elfu moja na ushei. Topekinyesi la choo cha umma linaweza kuwa na miligramu 20,000 hadi 50,000 kwa lita. Gari moja la kunyonya likimwaga mzigo wake bwawani linaweza kuingiza uchafu unaolingana na wa makumi ya magari ya majitaka ya mtandao. Ndiyo maana hoja ya "bwawa lipo, magari yamwage tu" inaua mabwawa. Kampala walijenga mtambo wa Lubigi, uliozinduliwa mwaka 2014, wenye sehemu mahsusi ya kupokea mita za ujazo 400 za topekinyesi kwa siku, na hiyo ndiyo njia sahihi: mzigo mzito uwe na mlango wake, upimwe mlangoni.

Lakini kwanza gari lifike mlangoni. Dereva akiona foleni ni ndefu na mafuta ni ghali, mtaro wa karibu unamshawishi. Hapa teknolojia ya bei ya kawaida imeleta nafuu ya kweli. Mamlaka ya jiji la Kampala, kupitia mpango wa Weyonje, imetumia GPS kufuatilia magari ya kunyonya na programu ya simu ya kumwunganisha mteja na gari lililo karibu. Dakar, Senegal, walianzisha kituo cha simu: mwenye nyumba anapiga, wenye magari wanashindana bei kwa ujumbe mfupi, wa bei ya chini anapata kazi. Kipimo kinachohitajika ni rahisi mno kukieleza: magari mangapi yamejaza mashimoni leo, na mangapi yamemwaga kituoni. Tofauti ya namba hizo mbili iko mitaroni.

Hata mwenye choo cha shimo anaweza kupima. Makadirio yanayotumika ni lita 40 hadi 60 za tope kwa mtu kwa mwaka, kwa hiyo kaya ya watu sita hujaza lita 240 hadi 360. Kama chako kinajaa kwa kasi kuliko hapo, kuna uwezekano maji ya ardhini yanaingia au watu wanatupa nepi, pedi na nguo. Hamira, magadi na dawa zinazouzwa mitaani kwa ahadi ya "kumaliza kinyesi" hazibadilishi hesabu hii. Watafiti wa Durban walijaribu dawa za aina hiyo kwenye vyoo vya shimo na hawakuona tofauti ya maana. Pesa hiyo iwekwe akiba ya gari. Asiye na akiba ndiye anayeishia kutapisha choo mvua ikinyesha, kinyesi kikatiririka hadi kwenye visima vya majirani, na kipindupindu kinafahamu njia hiyo.

Kipimo cha mwisho ndicho ninachokionea uchungu zaidi. Vijana wanaozibua chemba na kushuka kwenye karo kwa ujira wa siku hufa humo, wawili au watatu kwa mpigo, na mtaani husemwa wamerogwa au karo lina jini. Kilichowaua ni gesi. Tope linalooza hutoa salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai bovu, na oksijeni shimoni hupungua. Watu hudhani harufu ikitoweka hatari imeisha, kumbe gesi hiyo ikifika kiwango cha juu huifisha pua. Anayesema "sasa hainuki" anaweza kuwa amebakiza pumzi chache. Kuna kifaa cha kiganjani kinachopima gesi nne, zikiwemo hiyo, methani na oksijeni, na hulia king'ora oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5. Huteremshwa kwa kamba kabla ya mtu. Mkandarasi asiye nacho asiruhusiwe kumshusha yeyote, na mwenye nyumba ana haki ya kukiona kabla kazi haijaanza. Na akianguka mtu ndani, asifuatwe na asiye na mtungi wa hewa na kamba kiunoni, hata akiwa ndugu yake. Piga simu zimamoto, fungua mifuniko yote, waweke watu mbali na sigara na moto. Mara nyingi wanaofia humo ni pamoja na waliokwenda kuokoa.